Msiba si mtaji

Mwaka juzi niliandika uongo wa mistari saba, na uongo ule ukashika nafasi ya tatu.

Aliyesimama nao jukwaani si mimi. Ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa na miaka 20 na anayesuka nywele kwenye saluni ya mbao hapa Igogo, chini kidogo ya yale mawe ambayo wageni wa Mwanza huyapiga picha na sisi huyaanikia nguo. Alikuwa ameingia shindano la urembo la hapa mjini. Sitalitaja jina, kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza ni langu. Fomu ya kujiunga ilitaka jina, umri, urefu, kiuno na elimu. Mwishoni ilikuwa na swali moja lenye nafasi kubwa kuliko mengine yote: eleza changamoto uliyopitia na jinsi ilivyokufanya uwe ulivyo leo. Mdogo wangu alipimwa urefu kwa futi ya fundi cherehani wa jirani, akajaza shule, na kwenye swali la mwisho akaandika neno moja: "Hakuna." Fomu ikarudishwa. Akaambiwa kwa upole kwamba bila hadithi hatafika mbali.

"Kaka, wanataka hadithi," aliniambia. "Wewe si ndiyo kazi yako?"

Baba yake alikufa ziwani. Alikuwa mvuvi wa dagaa, wale wanaotoka jioni na karabai na kurudi asubuhi, na usiku mmoja upepo ukawakuta mbali. Mtoto alikuwa na miaka 6. Hilo ni kweli. Mimi nikaongeza kwamba jioni ile, kabla ya kusukuma mtumbwi, baba alimshika binti yake bega akamwambia: mwanangu, tembea wima hata ziwa likichafuka. Ndiyo maana leo anatembea wima mbele yenu. Maneno hayo hakuyasema mtu yeyote. Niliyatunga usiku, nikayasoma mara mbili kwa sauti, nikaridhika, nikalala.

Ukumbini watu walipiga makofi kabla hajamaliza. Jaji mmoja alijifuta macho. Mdogo wangu alipata bahasha ya shilingi laki moja na nusu na mkufu wa rangi ya dhahabu. Mama mdogo alikuwa amekaa safu ya nne, amevaa kitenge chake cha harusi za watu. Tulipotoka nje aliniitikia shikamoo yangu, kisha akanyamaza mpaka nyumbani.

Tangu siku ile nimekuwa nikizisoma na kuzisikiliza upya hadithi za watu maarufu, kama mtu aliyewahi kughushi noti na sasa anazigeuza zote mwangani. Nataka kuiandikia aina hii ya hadithi uhakiki inaostahili. Tunaiona kila siku na hatuihesabu kuwa fasihi, ingawa ina kanuni kali kuliko ushairi wa vina na mizani.

Kanuni zake ni hizi. Kwanza lazima pawe na jeraha, na jeraha liwe la utotoni au la siri. Pili, jeraha liwe limepona, au angalau liwe limefunikwa vizuri kiasi cha kupigwa picha. Tatu, liwe limezaa kitu: taji, albamu, mkataba, taasisi. Nne, msimulizi ashukuru. Hupata kuiona kwenye magazeti ya udaku ya miaka ya 2000, kwenye mahojiano ya redio za asubuhi, na kwenye vipindi vya televisheni kama Mkasi wa EATV, ambapo Salama Jabir aliwahoji wasanii katika mazingira ya saluni, mahali ambapo kila Mtanzania anajua kwamba mdomo hufunguka wenyewe. Salama alikuwa stadi kwa sababu aliweza kumwacha mgeni anyamaze. Wengi waliomfuata walichukua kiti na kioo, subira wakaiacha. Leo kila mwenye simu ni mwandishi wa habari, na swali ni lile lile: ni maumivu gani yaliyokutia nguvu?

Kosa liko kwenye kitenzi. Maumivu hayamtii mtu nguvu. Mtu huwa na nguvu, au hukopeshwa na watu wake, na maumivu huzila. Anayefika mbali akiwa na mzigo amefika licha ya mzigo. Hadithi ya mtu maarufu hupindua jambo hili, ikaufanya mzigo kuwa injini.

Chukua kisa ambacho sisi wa kando ya ziwa tulipaswa kukisoma vizuri kuliko watu wote. Flaviana Matata alizaliwa Shinyanga. Tarehe 21 Mei 1996, alipokuwa bado mtoto, mama yake alikuwa miongoni mwa abiria wa MV Bukoba. Meli ile ilitoka Bukoba kuja Mwanza na ikapinduka asubuhi, ikiwa imebakiza safari fupi tu. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894, na ilikuwa meli ya abiria 430. Mwanza nzima inakumbuka jinsi tumbo la meli lilivyokaa juu ya maji, jinsi waliokuwa ndani walivyosikika wakigonga, na jinsi chuma kilipotobolewa ili waokolewe hewa ikatoka na meli ikazama. Wengi walizikwa Igoma. Mama yake Flaviana hakurudi.

Binti akasoma, akaenda Arusha kusomea umeme. Mwaka 2007 akawa Mtanzania wa kwanza kuwakilisha nchi kwenye Miss Universe. Shindano lilifanyika Mexico City tarehe 28 Mei, akaingia kumi bora akiwa amenyoa nywele zote. Baadaye akaishi New York na kupita kwenye majukwaa ya wabunifu kama Vivienne Westwood na Tommy Hilfiger. Mwaka 2011 akaanzisha taasisi ya kusaidia elimu ya wasichana.

Hizo ni habari. Sasa tazama hadithi inavyozishona. Katika simulizi nyingi, ajali iko aya ya pili na taji liko aya ya tatu, na katikati kuna neno dogo kama "hata hivyo" au "lakini hakukata tamaa". Neno hilo moja linavuka miaka kumi na moja. Ndani ya miaka hiyo kuna mtoto anayeamka asubuhi bila mama, kuna hedhi ya kwanza bila mama, kuna sare ya shule ambayo lazima mtu fulani aikumbuke kuinunua. Hadithi haina nafasi ya kuuliza nani aliinunua. Ndugu, shangazi, walimu na wakubwa wote wa ukoo hufutwa ili jeraha lionekane limefanya kazi peke yake.

Kisha kuna kile kichwa. Nje, kichwa chake kilisomwa kama ujasiri wa mitindo: mrembo wa Kiafrika aliyekataa nywele za bandia mbele ya dunia. Usomaji huo si wa uongo. Lakini hapa Igogo mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa husomwa kwa njia nyingine mbili kabla ya hiyo. Ya kwanza ni mwanafunzi, kwa sababu shule nyingi za serikali huwataka wasichana wakate nywele. Ya pili ni mfiwa, kwa sababu kwa watu wengi wa Kanda ya Ziwa kunyoa ni sehemu ya kumaliza msiba.

Nilipogundua kwamba usiku ule wa Mexico City ulikuja siku saba baada ya kutimia miaka 11 tangu MV Bukoba izame, nilisisimka. Nikaandika kwenye daftari: alisimama mbele ya dunia akiwa amenyoa msiba wa mama yake. Sentensi tamu kweli kweli. Ningeweza kujengea insha nzima juu yake na wasomaji wangeipenda.

Nimeikata. Sina ushahidi wowote kwamba alinyoa kwa sababu hiyo. Mtu anaweza kunyoa kwa sababu kichwa chake kina umbo zuri, au kwa sababu nywele ni gharama, au kwa sababu alinyoa siku moja akajipenda. Sentensi yangu ingekuwa ndugu ya yale maneno ya "tembea wima". Zote mbili zinachukua kifo cha ziwani na kukitafutia pozi. Mhakiki naye ana njaa ile ile aliyo nayo jaji wa ukumbini. Anaiita tafsiri.

Ninachoweza kukisema kwa hakika kuhusu Flaviana na ziwa ni kitu kisicho na utamu wowote wa kifasihi. Amerudi Mwanza kwenye kumbukumbu, akazungumzia usalama wa vyombo vya majini, akaleta maboya ya kujiokolea. Boya halifananishwi na kitu. Lina kamba mbili na filimbi, na hufaa au halifai. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na tukakumbushwa kwamba somo la 1996 halikuwa limeisha. Hadithi ya mtu maarufu ilikuwa imelifunga zamani kwa taji. Maboya yake yalikuwa yamebaki na swali wazi. Hapo ndipo ninapoona kazi yake bora zaidi ya usimulizi, na ni kazi isiyo na sentensi hata moja inayomhusu yeye.

Mfano wa pili ni Happiness Magese, ambaye wengi wanamfahamu kama Millen. Alikuwa Miss Tanzania wa mwaka 2001, mwaka ambao Miss World ilifanyika Sun City, Afrika Kusini. Akafanya kazi ya uanamitindo Afrika Kusini, kisha Marekani. Miaka yote hiyo alikuwa na endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, zikasababisha maumivu makali ya hedhi, na mara nyingi shida ya kupata ujauzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Yeye alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi.

Fikiria kazi ya mwanamitindo ni nini hasa. Analipwa ili mwili wake uonekane haubebi kitu. Nguo ndiyo inayopaswa kuwa na uzito. Mdogo wangu alipoingia kambi ya shindano, mwalimu aliwawekea kila mmoja kitabu kichwani ili wajifunze kutembea. Aliporudi nyumbani alicheka mpaka akakaa chini. Yeye amepandisha ndoo ya lita 20 kwenye mawe ya Igogo tangu darasa la tatu, maji yakikatika bondeni, na hajawahi kumwaga. Shingo alikuwa nayo. Kilichomshinda siku za kwanza ni uso. Mwalimu alimwambia uso wake unaonyesha kwamba anabeba. Akajifunza kuuzima.

Millen aliuzima uso kwa miaka, kama kazi ilivyotaka, kisha akafanya jambo ambalo kazi yake haikulitarajia: akazungumza. Na alizungumza akiwa bado mgonjwa, wakati hakuna mwisho mzuri wa kuonyesha. Alieleza maumivu, upasuaji na hofu ya kutozaa, tena kwa jina la ugonjwa, katika nchi ambayo msichana anayejikunja kwa tumbo la mwezi huambiwa ni kawaida, vumilia, ukizaa litaisha. Alivunja kanuni ya pili ya hadithi. Kwa msichana anayesikiliza, jina la ugonjwa ni kitu cha kushika mkononi na kupeleka hospitali.

Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume, na nchi nzima ikafurahi naye. Nami nilifurahi. Lakini angalia jinsi hadithi ilivyorudi mbio kuchukua kilicho chake. Mtoto akafanywa jibu. Vichwa vya habari vilisomeka kana kwamba miaka yote ya ugonjwa ilikuwa barabara iendayo wodi ya wazazi. Je, yule mwanamke wa Mkuyuni au Nyegezi mwenye ugonjwa huo huo, asiye na mtoto na asiye na fedha za upasuaji hata mmoja, asome nini hapo? Atasoma kwamba hadithi yake bado haijaiva na kwamba asubiri ndipo aseme. Millen mwenyewe hakusema hivyo. Aliendelea kuuzungumzia ugonjwa. Ni sisi wasimulizi tulioweka nukta.

Na kuna wale ambao nukta haikubali kukaa. Ray C, Rehema Chalamila, alikuwa sauti na kiuno cha kizazi changu. Tulimwita Kiuno Bila Mfupa, na katika jina hilo tayari kuna dai: mwili huu hauna kitu kigumu ndani, haugomi, hauchoki. Mwaka 2012 nchi ilijua kwamba ana uraibu wa dawa za kulevya. Rais Jakaya Kikwete alisaidia matibabu yake, naye akaenda Ikulu na mama yake kushukuru. Picha zile zilikuwa na kanuni zote nne ndani yake, mpaka ya shukrani.

Lakini uraibu ni ugonjwa wa kila siku. Huduma ya methadoni iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 ilikuwa na utaratibu ambao hakuna mtunzi wa filamu angeukubali: mgonjwa anakuja, anakunywa dozi mbele ya muuguzi, anaondoka, kesho anarudi. Hakuna kilele. Ushindi wa leo unafanana kabisa na ushindi wa jana. Magazeti hayakujua namna ya kuandika siku kama hizo, kwa hiyo yaliandika mwili wake. Alipokonda walihesabu, aliponenepa walihesabu. Kila picha ilikuja na swali: amepona au amerudi? Kwa hadithi ya mtu maarufu hizo ndizo hali mbili tu zilizopo. Watu wanaoishi na jambo hili, au na ndugu mwenye jambo hili, wanajua kwamba maisha mengi hupita katikati, na kwamba katikati hapo ndipo mtu huhitaji watu.

Tusidhani shinikizo hili limeletwa na simu. Miss Tanzania ya kwanza, Theresa Shayo, alivikwa taji mwaka 1967. Mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, wigi na vipodozi vya kubadili ngozi, na mashindano ya urembo yakazimwa mpaka 1994. Wakati huo mwili wa msichana ulitakiwa kuthibitisha heshima ya taifa. Mashindano yaliporudi, waandaaji walihitaji kuwajibu wazazi na wakubwa waliokuwa bado wanauliza faida yake ni nini. Nadhani hapo ndipo hadithi ya jeraha ilipopata ajira rasmi. Msichana wa vazi la ufukweni alihitaji kibali cha kimaadili, na msiba ulikitoa. Hutazami mapaja, unatazama yatima aliyeshinda. Jamii ikapata kuangalia bila aibu, na mrembo akaongezewa kazi ya pili juu ya ile ya kutembea.

Kazi hiyo ya pili hailipwi, na ina madeni yake. Bango la shindano lenye picha ya mdogo wangu lilipobandikwa karibu na stendi, mjomba wa Sengerema alipiga simu kuomba ada ya watoto wawili. Mwenye saluni alimkata siku alizokuwa kambini. Viatu vya mchuchumio alivyovaa vilikuwa vya kuazima, namba moja pungufu, na gauni la jioni bado analidaiwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanambana, na yangejaza vizuri kabisa ile nafasi kubwa kwenye fomu. Lakini deni la gauni halimtoi jaji machozi. Baba aliyekufa maji anamtoa.

Najua jibu atakalonipa msomaji mwenye huruma. Atasema ushuhuda huponya, na mtu maarufu anapofungua mdomo, maelfu wasio na jina hupata lugha. Nakubali, na nimemtaja Millen kwa sababu hiyo. Siwaombi wanyamaze. Ninaomba tutofautishe ushuhuda na pambo, na kipimo changu ni rahisi. Ushuhuda unamwachia msikilizaji kitu cha kufanya: jina la ugonjwa, boya, mahali pa kwenda. Pambo linamwachia hisia nzuri kumhusu yeye mwenyewe, kwamba amelia, kwa hiyo ni mtu mwema. Kipimo cha pili ni kigumu zaidi: je, msimulizi alikuwa na uhuru wa kuandika "hakuna" na bado akahesabiwa?

Swali hilo linatugusa sisi tunaoandika insha za maisha katika majarida kama hili. Sisi nasi tuna fomu yenye nafasi kubwa mwishoni. Nimesoma insha zetu nyingi, zangu zikiwemo, ambamo bibi anakufa ukurasa wa kwanza ili mwandishi aelewe jambo ukurasa wa mwisho. Tunajiona tuko juu ya magazeti ya udaku kwa sababu sentensi zetu ni nzuri zaidi. Ile sentensi yangu ya Mexico City ilikuwa nzuri. Ile ya "tembea wima" ilikuwa nzuri pia, ndiyo maana iliuzika.

Siku tatu baada ya shindano, mama mdogo aliniita. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo mlangoni, akitoa mchanga. Alinionyesha kigoda. Alianza kwa kuniuliza habari za kazi, kisha akauliza bila kuinua macho:

"Yale maneno ya baba yao, wewe uliyasikia wapi?"

Nikasema sikuyasikia, niliyaandika.

"Nilijua," akasema. "Maana mimi nilikuwepo."

Akachambua kidogo, akanyamaza, kisha akasema jioni ile mumewe alikuwa anatafuta kandambili. Alikuwa amechelewa, wenzake wanapiga miluzi chini, na kandambili ya mguu mmoja haionekani. Akauliza iko wapi, mama mdogo akasema sijui, tafuta chini ya kitanda. Hakuipata. Akaondoka na moja yake ya mguu wa kushoto na moja ya mkewe ya mguu wa kulia, ndogo, kisigino kikining'inia nje. Mtoto alikuwa amelala. Hakuambiwa kitu na mtu.

"Sasa mtoto amenieleza anayakumbuka," mama mdogo akasema. "Yale maneno yako. Anasema kama anamwona baba yake akisema."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, akasema haya, akaniwekea dagaa kwenye mfuko niende nao kwa mke wangu. Hakuwa amekasirika kwa namna niliyoizoea, na hilo lilinikaa vibaya zaidi.

Nilimweleza mdogo wangu ukweli wiki ile ile, saluni, akiwa anasuka mteja. Alijua kwamba niliyatunga, bila shaka, aliniona nikiyaandika. Alisema kuyarudiarudia kambini, mbele ya kioo, kumeyafanya yamwingie, na sasa akijaribu kumkumbuka baba yake yanakuja yenyewe kwanza. Nikamwambia kuhusu kandambili. Mikono yake ilisimama kwenye nywele za mteja. Akaniuliza ile ya mama ilikuwa rangi gani.

Sikuwa nimeuliza. Nilishuka kwa mama mdogo jioni hiyo hiyo, nikauliza. Ilikuwa ya bluu, yenye mkanda mweupe ulioshonwa kwa uzi wa wavu.